Mafuriko Niliyoyafuta kwa Kalamu

Ninyi mnaojiandaa kuajiriwa kupima mvua na mito, najua mmesomea mambo ambayo mimi hata kuyatamka nang'ata ulimi. Huko sitashindana nanyi. Mimi nitaanza kwa kuwafundisha kuinama.

Ukimimina maji ya mvua kwenye bilauri ya kupimia, usiyasome umesimama wima kama ofisa anayekagua gwaride. Inama mpaka jicho lilingane na maji. Utaona yamejikunja kidogo pembeni na kuzama katikati. Soma pale yalipozama. Ukisoma umesimama utaandika zaidi ya kilichomo, na nchi itadhani imepata mvua ambayo haikuipata.

Nimeinama hivyo kila siku saa tatu asubuhi kwa utumishi wangu wote, na mgongo huu ni shahidi. Jina langu Maganga. Kituo changu kilikuwa Itundwe, kijiji kilichoko njia ya kwenda Tura, ile ile waliyopita wapagazi wa zamani na mizigo yao ya meno ya tembo. Wazee wetu walituambia kwamba wapagazi hawakupiga kambi Itundwe kwa kutupenda. Walipiga kambi kwa sababu ya visima. Mwaka visima vilipokauka, walipita moja kwa moja bila hata salamu. Kwa hiyo sisi tumekua tukijua kwamba ukarimu wa mwenyeji unaanzia kwenye mtungi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa msimamizi wangu, Mzee Rajabu, mtu wa Tabora mjini, mwenye kofia ya mkono na baiskeli ya breki moja. Siku ya kwanza alinikabidhi daftari lenye jalada gumu tuliloliita kitabu cha mvua, akaniambia:

"Maganga, humu unaandika ulichokiona. Mvua isiponyesha, andika sifuri. Kama hukuwepo, chora mstari. Mstari si aibu. Aibu ni namba ya uongo, kwa sababu namba haina macho. Huwezi kuitazama usoni ukajua inadanganya."

Niliitikia kwa nguvu, kama mtu wa wiki ya kwanza kazini anavyoitikia kila kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa na vituko. Kipima mvua ni mtungi wa bati uliofukiwa nusu ardhini, juu yake faneli, ndani yake chupa. Kiangazi kimoja, mwezi wa saba, anga likiwa jeupe kama sahani iliyooshwa, nilikuta maji kwenye chupa siku tatu mfululizo. Nikayaandika kwa mshangao mkubwa. Siku ya nne nikapata wazo la kunusa. Watoto wa jirani walikuwa wakishindana nani ana shabaha ya kulenga faneli. Nilipompelekea Mzee Rajabu habari hiyo, aliniuliza kwa uso mkavu, "Mshindi alipata milimita ngapi?" Kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Kulikuwa pia na sinia pana tulilolijaza maji ili tujue jua linakunywa kiasi gani kwa siku. Jua la Tabora lina kiu, lakini pale halikunywa peke yake. Mbwa wa wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka Igunga walikunywa, kuku walikunywa, nyuki walikunywa. Mkaguzi mmoja akaandika kwamba Itundwe ina mvukizo wa ajabu unaostahili utafiti. Nikafunika sinia kwa wavu, mvukizo wa ajabu ukakoma siku ile ile, na utafiti ukafa kabla haujanunuliwa gari.

Nawachekesha ili msiondoke, maana sasa naingia kwenye aibu.

Mwaka wa nne wa kazi nilipenda. Msichana aliitwa Leokadia, nilimwona gulioni akiuza maharage ya kwao Ulyankulu. Wazazi wake walitoka Burundi, Wakatoliki wa kusali rozari kabla ya kushika jembe. Nilipokwenda kujieleza, baba yake aliniuliza:

"Unafanya kazi gani?"

"Napima mvua, mzee."

"Ukishaipima unaifanyaje?"

"Naiandika."

Akanitazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta ugonjwa. "Na jembe, unalijua?"

Nikasema nalijua. Nilidhani atanipima siku mbili. Alinipa shamba la tumbaku lenye magugu marefu kuliko hamu yangu ya ndoa, nikapalilia wiki tatu. Ulikuwa mwezi wa kwanza, katikati ya masika yetu, mwezi ambao mpima mvua hatakiwi hata kuugua. Huko Ulyankulu mvua ilinyesha kwa kiasi. Nilipalilia kwa amani.

Nilipoteremka kwenye treni nikirudi, nilikuta nyasi kavu zimening'inia juu ya ua wa watu, mahali ambapo hakuna mtu awezaye kuzitundika. Jirani akanieleza kwamba mvua ilianza adhuhuri na haikukoma mpaka adhuhuri ya pili. Korongo lilivunja kingo. Faneli yangu iliokotwa kwenye shamba la mihogo. Chupa ilikuwa imefurika, na mtungi wake umefurika pia. Chupa iliyofurika haikuambii kiasi. Inakuambia tu kwamba ilishindwa.

Hapo ndipo palipokuwa pa kuchora mstari. Mistari ishirini na moja. Lakini mistari ishirini na moja ingemwambia kila mkubwa kwamba nilikuwa mtoro, na mtoro hapewi likizo ya harusi. Basi nikafungua kitabu cha mwaka uliotangulia, nikanakili mwezi wake wa kwanza wote, nikibadilisha tarakimu hapa na pale kama mwanafunzi anayeibia kwa mwenzake. Kwa mujibu wa kitabu cha mvua cha Itundwe, mwezi ule ulikuwa mtulivu, wa manyunyu yenye adabu. Mkaguzi alipokuja aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kazi safi."

Leokadia akawa mke wangu. Mzee Rajabu alikula pilau la harusi bila kujua ni vitu vingapi vilivyopikwa ili lipatikane.

Miaka ikaenda. Mzee Rajabu akafariki, mimi nikastaafu. Mvua nayo ikabadilika tabia. Zamani ilikuwa mgeni anayebisha hodi: mawingu wiki nzima, ngurumo za mbali, manyunyu ya kulainisha udongo, ndipo inaingia. Siku hizi inakuja kama msako. Inachelewa mpaka watu wanakata tamaa, kisha inamwagwa yote alasiri moja, inakimbilia korongoni kabla ardhi haijafungua mdomo. Halafu jua, wiki baada ya wiki, mpaka mahindi yanajisokota kama sigara. Visima vya mkono tulivyozoea kuviona vikitoa maji hadi karibu na mvua za kwanza, sasa vinaonyesha tope wakati kina mama bado wanaanika michembe ya viazi vitamu.

Mahali pangu ofisi iliweka mashine ya kisasa, yenye kioo cha kunasa jua, inayotuma mvua yenyewe mjini kwa mtandao. Sina chuki nayo. Lakini nyigu waliipenda kuliko wahandisi. Wakajenga ndani ya faneli yake, ikazibika, na mashine ikaanza kutuma ukame watu wakivuka madimbwi na viatu mkononi. Nilipiga simu kutoa taarifa. Nikaambiwa mfumo hauonyeshi tatizo lolote.

Basi mwaka juzi, mwezi wa nane, nikaalikwa semina Tabora mjini, kuhusu maji yetu yatakavyokuwa miaka ijayo. Kaulimbiu ilikuwa ndefu kiasi kwamba kitambaa chake kilikunjwa kwenye kona na kumalizikia ukuta wa pili. Kila mtu alipewa chupa mbili za maji. Tukajadili upungufu tukinywa nusu na kuacha nusu.

Mtaalamu aliyetoka mbali akasimama kuonyesha mchoro wa mvua za Itundwe, uliotokana na vitabu vyangu. Nikanyoosha shingo kwa fahari. Akaweka kijiti chake juu ya mwaka ule.

"Ndugu washiriki, hapa pana jambo la kuvutia sana," akasema. "Mwezi huu wa kwanza unafanana mno na mwezi wa kwanza wa mwaka uliotangulia. Ni utulivu adimu wa tabianchi. Maelezo yake tunayapata kwenye joto la Bahari ya Hindi, likisaidiana na Pasifiki."

Watu wakaandika. Nikairudisha shingo mahali pake. Bahari mbili zilikuwa zinasingiziwa jambo lililofanywa na binti mmoja wa Ulyankulu.

Wakati wa chai akanijia dada mmoja mwenye viatu vya kazi vyenye vumbi. Alikuwa Nyanzala, injinia, mzaliwa wa Nzega, msimamizi wa bwawa jipya lililokuwa likimaliziwa kijijini kwetu.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye Mzee Maganga?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye."

"Nimekaa na vitabu vyako mwaka mzima. Havina pengo hata moja! Upana wa utoro nimeupata humo humo."

Utoro wa maji, kwa msiojua, ni njia inayochimbwa ubavuni mwa bwawa ili maji yakizidi yatoroke kwa amani, yasipande juu ya tuta. Tuta la udongo likishapandwa na maji huyeyuka kama sukari guru. Nikamuuliza, "Umeupimaje?"

"Nimechukua mvua kubwa kuliko zote ulizoandika, nikaongeza kidogo, maana mvua za siku hizi zina fujo."

Mvua kubwa kuliko zote sikuiandika. Utoro wa bwawa ulikuwa umepimwa kwa utoro wangu. Na chini ya tuta lile, bondeni, kuna kitongoji chenye kaya nyingi na shule ya msingi.

Sikumwambia. Nilimsifia kwa kazi nzuri, nikapanda basi nikarudi nyumbani. Sitaki mnione shujaa.

Nyumbani nilimkuta Leokadia anapepeta karanga. Nikazunguka uani mara tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Sema," akasema bila kuinua uso.

"Mama Getruda, unakumbuka mwaka niliokuja kupalilia kwenu?"

"Uliacha magugu mistari miwili ya mwisho. Baba aliyaona."

"Siku zile huku ilinyesha ile mvua kubwa. Mimi niliandika manyunyu."

Mikono ikasimama. "Ungeandikaje kitu chochote, na ulikuwa kwetu?"

Nikamweleza yote, kuanzia kunakili mpaka utoro wa bwawa. Akaweka ungo chini.

"Miaka yote hii tunalala kitanda kimoja, hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Na watoto wa shule kule chini ya tuta, wao wataona nini, Baba Getruda?"

Akaokota ungo. "Kesho asubuhi unarudi mjini. Na ukifika usianze kwa kuuliza hali za watu. Anza na hilo."

Nikarudi. Mkuu wa ofisi alinipokea vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Mzee wangu, takwimu hizo zimeshazinduliwa."

"Zimezinduliwa?"

"Kitabu kimechapwa. Kina picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Leo nikisema mwezi mmoja ni wa uongo, kesho wataniuliza habari ya miezi mingine."

"Miezi mingine ni ya kweli."

"Ndiyo maana hatutaki kuichafua." Akafungua droo, akatoa karatasi. "Lakini utaratibu upo. Hii ni fomu ya kurekebisha takwimu. Inatakiwa sahihi ya aliyekuwa msimamizi wako wakati ule."

"Mzee Rajabu ni marehemu."

Akafikiri kwa dhati. "Basi tusubiri mwongozo."

Sikumuuliza mwongozo ungetoka duniani au kwa marehemu.

Nilimkuta Nyanzala uani, anapakia vifaa kwenye pikipiki. Nikamwambia nimesimama pale pale, kabla ya salamu, kama nilivyoagizwa. Alisikiliza. Uso wake ukabadilika, na kwa mara ya kwanza hakuniita mzee.

"Unajua umenifanyia nini?"

"Najua."

"Hapana, hujui. Ungeacha pengo, ningejua kuna kitu sikijui. Ningekuja kuwauliza watu. Wewe ulinijazia pengo kwa mwandiko mzuri, nikakuamini!"

Akakaa juu ya jiwe. Akaendelea kwa sauti ya chini, "Hewa ikipata joto inabeba maji mengi zaidi. Inakaa nayo, inatunyima, halafu inayatupa kwa mkupuo. Tunakoelekea kiangazi kinaweza kuwa kirefu zaidi na mvua kali zaidi, vyote viwili mahali pamoja. Mvua kama ile uliyoifuta, hawa watoto wanaweza kuiona tena, na zaidi ya mara moja. Kupanua utoro ninaruhusiwa, mimi ndiye msimamizi. Lakini mkandarasi ameshaondoa mitambo, na siwezi kupanua kwa maneno yako. Ulishanipa maneno yako. Nataka alama. Maji yalifika wapi?"

Nikamwambia hilo linajulikana na walioyaona. Mimi nilikuwa napalilia tumbaku.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Nyanzala akaeleza kwamba kunahitajika msalagambo, kazi ya pamoja, ya kupanua utoro kwa majembe na sururu kabla ya mvua. Wanakijiji wakatazamana. Muelewe hali: watu waliokuwa wakiamka kugombea maji ya tope walikuwa wanaombwa wachimbe njia pana zaidi ya maji kuondokea. Mwenyekiti akasimama, anipendaye kama ndugu.

"Mzee Maganga, wewe ni mtu wetu. Tumelia maji tangu tumezaliwa. Leo yanataka kuja, unatuambia tuyafungulie mlango wa nyuma?"

Watu wakacheka. Nikaona hakuna njia nyingine. Nikavua kofia, nikasimama, nikawaambia yote: Ulyankulu, tumbaku, kunakili, bahari mbili. Waliendelea kucheka. Kwenye magugu ya mkwe wangu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi, na mimi nikaanza kujisikia nafuu, nikaongeza na chumvi kidogo.

Ndipo akasimama Bibi Kalunde. Ni mjane, umri wake umenipita, huongea kwa nadra. Kicheko kikapungua chenyewe.

"Mvua ile ilichukua ng'ombe wetu wote zizini," akasema. "Mume wangu alikwenda ofisini kuomba msaada. Wakafungua kitabu mbele yake. Wakamwambia, mzee, mwezi huo Itundwe hakukuwa na mvua ya kubeba hata kuku. Akarudi kwa miguu. Watu wakasema ng'ombe amewauza kwa siri, kanywea pombe Tabora. Ndugu zake wenyewe walisema. Alikufa wakiwa bado wanasema."

Mimi kitabu nilikijua, adhabu ya bosi niliiogopa, mke nilimpata. Kwamba kuna mtu alifunguliwa kile kitabu usoni akaitwa mwongo, hilo halikuwahi kunijia akilini hata siku moja.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Sikusimama kwa ajili hiyo. Injinia ameuliza maji yalifika wapi. Mimi najua. Nilikuwa juu ya mwamba na watoto wawili, maji yakiwa hapa." Akainama, akagusa ugoko wake.

Mkutano mzima ukamfuata mpaka kwenye mwamba. Alipanda mwenyewe, akakataa mkono wangu, akashika wa Nyanzala. Nyanzala akasimamisha chombo chake cha miguu mitatu, mwenyekiti akashika fito lenye alama pale bibi alipoonyesha. Akachungulia, akaandika, akapiga hesabu, akazirudia. Kisha akageuka kutazama utoro aliouchimba.

"Ule," akasema, "ni mlango wa banda la kuku."

Tulichimba tangu mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja mwishoni. Ninyi wa kompyuta, jifunzeni hili pia: sakafu ya utoro iwe sawa kama meza, ukiacha bonde moja dogo maji yote yatalitafuta na kulichimba. Tulitandaza mawe, tukapanda nyasi kingoni. Watu walilalamika kwa haki. Mmoja aliniambia kila asubuhi, "Mzee katoroka kazi, sisi tunachimba utoro." Leokadia alileta uji wa karanga na kumgawia kila mtu kabla yangu. Bibi Kalunde alikuja kila siku na kikapu chake cha mawe. Nilikuwa namwamkia shikamoo. Alikuwa anapita.

Mvua ilichelewa. Mwezi wa kumi na mbili ukafika katikati, watu wakaanza kunitazama vibaya, kama kwamba mlango ule wa nyuma ndio ulioifukuza. Halafu siku moja, baada ya chakula cha mchana, upande wa mashariki ukawa mweusi kama sufuria.

Sitawaeleza ngurumo. Nitawaeleza kazi. Nyanzala alikuwa amesimika fito la kupimia ndani ya bwawa, akanipa mimi kulisoma. Mwalimu mkuu aliwapandisha watoto wote kilimani. Nilisimama mwanzo wa tuta nikiwa nimefunikwa turubai, nikasoma, nikapaza sauti, Nyanzala akaandika. Maji yalikuja mekundu, yamebeba magogo na mzoga wa mbuzi. Yalijaza kwa saa mbili bwawa ambalo tulidhani litajaa kwa masika mawili. Yakafika kwenye mdomo wa utoro, yakainama, yakaanza kutoka. Sauti yake ilikuwa kama treni isiyoisha.

Yakaendelea kupanda. Nilipotaja alama ya mwisho, sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto. Kati ya maji na mgongo wa tuta ilibaki shubiri moja. Nyanzala alisimama na kalamu mkononi, haandiki, midomo inacheza. Nikasoma tena. Nikasoma tena. Alama ile ile. Kisha ikashuka kidole kimoja, na kilimani wale watoto wakaanza kushangilia, sijui kwa kuona nini, maana pale walipo wasingeweza kuona fito.

Tuta lilisimama. Mashine ya kisasa, siku hiyo hiyo, ilituma mjini taarifa ya manyunyu.

Bwawa lilizinduliwa baada ya miezi mitatu. Kulikuwa na hema, vipaza sauti na maji ya chupa, mbele ya bwawa lililojaa. Yule mtaalamu alikuja, akasema mifano yake ya hesabu iliyaona haya mapema. Mkuu wa ofisi alisema utoro ni kielelezo cha kupanga kwa kutumia takwimu sahihi. Nyanzala alipewa cheti, jina lake limekosewa. Kiangazi kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko ninachokumbuka, na ng'ombe walikunywa pale mpaka mvua iliporudi.

Lakini nilichotaka kuwaambia ni hiki cha mwisho. Wiki moja baada ya uzinduzi, Bibi Kalunde alikuja kwangu. Hakukaa.

"Unajua kuandika," akasema. "Niandikie."

"Nikuandikie nini, mama?"

"Kwamba ilinyesha."

Nikaandika asubuhi nzima. Barua ya kurasa mbili, kwa mwandiko ule ule uliosifiwa kwa wino mwekundu. Niliandika jina la mume wake, mwezi, mwamba, urefu wa maji kama Nyanzala alivyoupima, ng'ombe kumi na wawili. Niliandika kwamba kitabu cha ofisi kilisema uongo na aliyekiandika ni mimi. Nikatia sahihi. Nikadhani anataka kuipeleka ofisini, nikamwambia huko watataka fomu.

"Ofisini kwa nani?" akasema. "Njoo nyumbani Jumapili, watu wakitoka kanisani."

Nilikwenda na Leokadia. Nilikuta wamekaa uani: wanawe wawili, watu wazima sasa wenye mvi, ndio wale waliokuwa juu ya mwamba, wakwe, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mzee wa fimbo, ambaye ndiye aliyeanzisha ile habari ya pombe. Bibi Kalunde hakumtambulisha mtu kwa mtu. Alinionyesha kigoda.

Nikasoma kwa sauti. Nilipofika kwenye ng'ombe, mwanawe mkubwa aliinamisha kichwa. Nilipofika kwenye jina langu, nililisoma sawasawa, sikulimeza. Nikamaliza, nikakunja karatasi. Yule shemeji alikuwa anachora chini kwa ncha ya fimbo, hainui macho.

Bibi Kalunde alikuwa akimtazama yeye, si mimi.

"Soma tena," akasema. "Polepole."